Zimwi likisema "ni mimi": mwongozo kamili wa kuandika hadithi ambayo msomaji atalihurumia

Kila nikiletewa hadithi ya zimwi linalojisimulia lenyewe nakutana na tatizo lile lile. Mstari wa kwanza tu zimwi linalia. "Mimi ni zimwi, watu wote wananichukia, sina rafiki hata mmoja." Zinafuata kurasa nne za malalamiko, mwishoni linaua mtu, halafu mwandishi ananiuliza mbona wasomaji hawakuguswa.

Hawakuguswa kwa sababu wameombwa huruma kabla ya kupewa kitu cha kuhurumia. Mtu asiyekujua akikufuata stendi akaanza kulia kabla hajasema shida yake, cha kwanza unashika mfuko wako.

Sasa tutengeneze hadithi moja fupi, maneno kama 1,500 hivi, hatua kwa hatua. Mfano nitakaotembea nao ni ile hadithi ambayo wengi wetu tulisimuliwa utotoni: wasichana wameenda pwani kuokota makombe, mmoja kasahau kombe lake juu ya mwamba, karudi peke yake, akamkuta zimwi, zimwi likamtia ndani ya ngoma na kupita naye kijiji kwa kijiji, kila likipiga ngoma mtoto anaimba na watu wanalipa zimwi chakula. Pia nitakuwa nachungulia Frankenstein ya Mary Shelley, iliyotoka 1818, kwa sababu pale katikati ya kitabu kiumbe mwenyewe anakaa chini na kusimulia maisha yake, na kila ninachokifundisha hapa unaweza kukikuta pale kimefanyika. (Frankenstein ni jina la kijana aliyemuumba, kiumbe mwenyewe hakupewa jina, na hilo nalo ni sehemu ya msiba wake.)

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Zimwi moja. Usichukue kundi.
- Uovu mmoja ambao zimwi limeufanya kweli, na ambao wewe mwenyewe hutaki kuutetea. Ukichagua uovu mdogo, kama kuiba kuku, hadithi haitakuwa na kazi ya kufanya.
- Msikilizaji: mtu ndani ya hadithi ambaye zimwi linamwambia haya yote.
- Kitu kimoja kidogo ambacho zimwi linakitaka, kitu cha kushikika au cha kusikika. "Upendo" haushikiki.
- Simu inayorekodi sauti.
- Mtu mmoja wa kukusikiliza mwishoni, ambaye hujamsimulia chochote.

Tenga siku nne au tano. Ukiiandika yote usiku mmoja hatua ya 7 utairuka, nimeona hivyo mara nyingi.

Hatua ya 1: Andika kwanza jinsi majirani wanavyoisimulia

Nusu ukurasa inatosha. Iandike kama wanavyoisimulia wale walioumizwa, bila huruma yoyote. "Zimwi likatokea. Likamkamata mtoto. Likamfungia kwenye ngoma." Usilipambe, usilitetee.

Sababu yake ni kwamba hii nusu ukurasa ndiyo hesabu yako. Yaliyoandikwa hapa yametokea, na zimwi likianza kusema haliruhusiwi kuyafuta, litaruhusiwa tu kuyaeleza. Waandishi wengi wakishaanza kulipenda zimwi lao wanaanza kupunguza kosa kidogo kidogo, mara mtoto aliingia ngomani mwenyewe, mara alikuwa anafurahia. Ukifika hapo umeshaliua zimwi na umebakiza mjomba mpole mwenye kucha ndefu.

Umefaulu kama ukiisoma hiyo nusu ukurasa unaona kabisa kwamba kijiji kina haki ya kuliogopa.

Hatua ya 2: Amua linamwambia nani, na linaomba nini

Zimwi lisilo na msikilizaji linaongea hewani, na anayeongea hewani hujiongelea tu. Lenye msikilizaji lazima lichague maneno, linyamaze mahali fulani, lirudi nyuma likiona limeudhi.

Kiumbe wa Frankenstein hasimulii kwa kutaka kuliwazwa. Anamsimulia aliyemuumba, milimani huko juu ya barafu, wakiwa kwenye kibanda kando ya moto, na ana ombi: niumbie mwenzangu wa kike, nitaondoka machoni pa watu. Simulizi yote ile ndefu ni maandalizi ya ombi moja. Ndiyo maana haichoshi.

Kwenye mfano wetu nimeamua hivi. Mtoto ameshaokolewa, yuko nyumbani. Usiku zimwi limekuja nyuma ya nyumba na linaongea na mama wa mtoto kupitia mlango uliofungwa. Linaomba kusikia wimbo ule mara moja tu, likiwa nje ya ua, halafu liende.

Msikilizaji awe mtu mwenye sababu ya kukataa. Ukimpa zimwi msikilizaji ambaye tayari analipenda, msomaji anabaki hana kazi.

Hatua ya 3: Sauti ije kabla ya sura

Hapa ndo penyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye Frankenstein kuna mzee kipofu, De Lacey. Kiumbe amejificha kwenye banda lililogusana na nyumba ya mzee huyo kwa miezi, amejifunza lugha kwa kuwasikiliza kupitia ufa. Siku anapoingia anachagua saa ambayo mzee yuko peke yake. Mzee anamkaribisha, anamkalisha, anamsikiliza kama anavyomsikiliza msafiri yeyote, kwa sababu kinachomfikia ni sauti tu. Vijana wanaporudi na kumwona, binti mmoja anazirai na Felix, mtoto wa mzee, anamshambulia kwa fimbo. Kiumbe ni yule yule, maneno ni yale yale. Kilichoongezeka ni macho.

Na kabla ya hapo, wanapokutana kule juu ya barafu, aliyemuumba anamfukuza, anasema hataki hata kumwona. Kiumbe anamwekea mikono machoni, anamziba, anamwambia nakuondolea sura unayoichukia, lakini bado unaweza kunisikiliza. Mimi nikifika hapo huwa nafunga kitabu kidogo. Maana hicho ndicho nafsi ya kwanza inachomfanyia msomaji: inamziba macho kwa mikono ya zimwi lenyewe. Msomaji wako ni mzee De Lacey. Mpaka umwonyeshe sura, haioni.

Kwa hiyo aya zako mbili za kwanza zisitaje meno, kucha, manyoya wala ukubwa. Anza na kinachosikika na kinachohisiwa mwilini: njaa, baridi, moshi wa jikoni kwa watu, umande miguuni. Mambo ambayo kila mwenye mwili anayajua.

Mfano wetu ulianza hivi:

"Usifungue, mama. Nimekaa chini, mgongo wangu uko kwenye ukuta wako, bado una joto la jua la jana. Nimesikia umezima taa. Nami nikiwa mdogo nilikuwa nazima moto nikisikia hatua za watu."

Hakuna neno zimwi hapo. Msomaji anakaa na mtu aliyeegemea ukuta wenye joto, na akija kujua ni nani ameshakaa naye.

Onyo: usifiche sura mpaka mwisho ukidhani ni surprizi. Msomaji akidanganywa hivyo anakasirikia hadithi nzima. Sura itajwe ndani ya robo ya kwanza, kwa sentensi moja, bila kelele.

Hatua ya 4: Chezea li- na ni-

Kiswahili kimetupa kifaa ambacho wenzetu wengi hawana, na tunakiacha tu.

Angalia methali: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi ni li-. Limekuja, limekula, limelala. Sawasawa na jiwe limeanguka na jani limekauka. Ukitaka kumtoa mtu kwenye ubinadamu kwa Kiswahili mwite jitu, halafu mpe li-, umemaliza. Lakini li- ile hutumika ukimsema mtu akiwa pembeni. Siku linapofungua mdomo lenyewe linasema nimekuja, nimekula, nimelala. Ni- haina ngeli, ni ile ile kwa sultani, kwa mtoto na kwa zimwi.

Na ndivyo ilivyo mlangoni. Ukipiga hodi ukaulizwa nani, unajibu "ni mimi". Kila mtu duniani akiwa nje ya mlango ni mimi.

Basi kifanyie kazi hivi. Zimwi lako lijiite ni- mwanzo hadi mwisho. Wengine wote wakilisema walitaje kwa li-, hata mbele yake. Halafu chagua mtu mmoja, mahali pamoja, atakayeteleza na kusema a-. Usimweleze msomaji, wala usitie mshangao. Kwenye mfano wetu nimempa mtoto mwenyewe. Akiwa ngomani anasikia watu wanauliza hilo litalala wapi usiku huu, naye mle ndani anasema taratibu, "amezoea kulala nje." Herufi moja tu. Zimwi linamsimulia mama jambo hilo na halisemi kwa nini limelikumbuka.

Najua mitaani wengi tunasema tu zimwi alikuja, na si kosa. Lakini kwenye hadithi hii ukichanganya ovyo kifaa kinakufa mkononi. Pitia rasimu nzima ukitafuta viambishi tu.

Hatua ya 5: Lifanye lione shida ya mwingine

Mateso peke yake hayaleti huruma. Tunapita kwenye mateso kila siku barabarani. Kinachomgusa msomaji ni aliye kwenye shida anapogundua shida ya mwenzake na akafanya kitu kwa mikono.

Kiumbe wa Frankenstein alikuwa anaiba chakula cha ile familia usiku. Akagundua ni maskini, vijana wanajinyima wampe mzee. Akaacha kuiba, akarudi kwenye matunda na mizizi ya porini, akaanza kuwakatia kuni usiku na kuziweka mlangoni. Wao asubuhi wanashangaa nani kaleta. Hakuna mstari unaosema ana moyo mzuri, zipo kuni.

Tafuta kuni za zimwi lako. Kwenye mfano wetu zimwi liligundua mtoto hakohoi ngoma ikiwa kwenye jua la asubuhi, kwa hiyo kila alfajiri likawa linaibeba hadi penye jua na kuigeuza ile tundu ya hewa ielekee mashariki. Unaona ugumu wake? Ni wema unaofanyika juu ya uovu. Mtoto bado kafungiwa. Ukipata kitendo cha namna hiyo kishike kwa mikono miwili, hicho ndicho kitabeba hadithi.

Hatua ya 6: Mlango unaofungwa

Sehemu hii iwe fupi. Zimwi linajaribu kuingia kwa watu na linakataliwa.

Wasiwe watu wabaya. Felix hakumpiga kiumbe kwa ukatili, alirudi nyumbani akakuta jitu la kutisha limemng'ang'ania baba yake kipofu magotini, wewe ungefanya nini. Ukiwafanya wanakijiji mashetani umeondoa uzito, inakuwa ni wabaya dhidi ya mzuri.

Kwenye mfano wetu zimwi linasema hivi: "Nimepiga hodi nyumba nyingi, mama. Sijalaumu. Hata wewe ungekuwa nje na mimi ndani, nisingekwambia karibu. Lakini siku ile ngoma ilipoimba, mtu mmoja alisema karibu. Alikuwa anaiambia ngoma, najua. Nikaingia."

Hapo ndipo msomaji anapojua zimwi lilikuwa linataka nini muda wote huo. Lilikuwa linataka kuitikiwa hodi.

Hatua ya 7: Uovu, na vitenzi vyake

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mwandishi amejenga huruma vizuri, anafika kwenye uovu, anaogopa kuipoteza, anaanza kuteleza.

Kuteleza kwenyewe kuko kwenye sarufi. Kila aliyelelewa na mama anakijua kitu hiki: sahani ikianguka mtoto hasemi nimevunja sahani, anasema sahani imevunjika. Lugha yetu ina hiyo nyongeza inayomtoa mtendaji, vunjika, mwagika, haribika, na zimwi likisimulia uovu wake litaikimbilia. "Mtoto akajikuta ngomani. Kamba ikakazika." Nani alikaza?

Ya pili ni -ka-. Nikamwona, nikamwita, nikambeba, nikamfungia. -ka- inabeba msomaji kama maji ya mfereji, hasimami popote. Nzuri kwa safari, hatari kwa uovu, maana kosa linapita katikati ya matukio mengine kama nalo ni kituo tu njiani.

Fanya hivi. Kwenye aya ya uovu kata mnyororo wa -ka-. Tumia -li- ya wakati uliopita (si ile li- ya zimwi) na sentensi fupi, mtendaji akiwa zimwi. Na weka jambo moja la karibu kabisa, linaloonekana, linalomhusu aliyetendewa.

Rasimu yangu ya kwanza ilisema: "Nikamwambia aimbe, nikampenda, basi akawa ndani ya ngoma na tukaondoka." Nilipoisoma kwa sauti niliona aibu, maana mtoto alikuwa amepotea ndani ya sentensi kabla hata ya kupotea ngomani. Nikaiandika tena:

"Nilimkunja mimi. Magoti yake yaligusa masikio, alikuwa na mchanga wa pwani kwenye magoti. Alisema nimesahau kombe langu. Nilisikia. Niliwamba ngozi juu yake, niliivuta kwangu, nilikaza kamba. Nilifurahi, mama. Sitakudanganya kwamba nililia. Nilifurahi."

Hilo la kufurahi usiliogope. Kiumbe wa Frankenstein anapomuua mtoto William, mdogo wake Frankenstein, anakiri kwamba moyo wake ulijaa shangwe, halafu anakwenda kuitia ile picha aliyoichukua kwa mtoto kwenye nguo ya Justine, msichana asiye na hatia, ambaye baadaye ananyongwa. Hafichi. Na ajabu ni kwamba tunaendelea kumsikiliza, kwa sababu ametuambia kitu ambacho mtu wa kujitetea asingekisema. Ukweli unaomchafua msemaji ndio unaomfanya aaminike kwenye mengine.

Onyo kubwa: usiweke sababu na uovu kwenye sentensi moja. "Nilimfungia kwa sababu nilikuwa mpweke" ni kesi mahakamani. Upweke umeshaonyeshwa huko nyuma, msomaji ataunganisha mwenyewe, na akiunganisha mwenyewe unamuuma zaidi.

Umefaulu kama ukisoma aya hiyo unashindwa kuamua uangalie upande gani. Ukiona unalipenda zimwi zaidi baada ya aya hiyo kuliko kabla, umelainisha, rudi.

Hatua ya 8: Acha sauti nyingine ipenye

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hakuna maelezo bora ya nafsi ya kwanza kuliko hayo, na msomaji mzuri anajua ngozi inavutwa. Kwa hiyo mwachie tundu.

Shelley alifanya hivyo kwa kuweka simulizi ndani ya simulizi: nahodha Walton anaandika barua, ndani yake Frankenstein anasimulia, ndani yake kiumbe anasimulia. Na Frankenstein anamwonya Walton kabisa kwamba yule ana ulimi mtamu, usimwamini. Msomaji anabaki katikati amevutwa huku na kule, na hapo katikati ndipo pazuri.

Wewe huna kurasa hizo zote. Sauti moja ya mtu mwingine, mara mbili au tatu, inatosha. Kwenye mfano wetu mama hasemi chochote mpaka karibu na mwisho, halafu anasema kupitia mlango: "Magoti yake bado hayanyooki." Zimwi halina jibu. Usilipe jibu.

Hatua ya 9: Jaribio

Kabla ya kumsomea mtu wako, mwombe akusimulie ile hadithi ya zamani ya zimwi na ngoma kama anavyoikumbuka. Sikiliza anatumia kiambishi gani, andika pembeni.

Kisha jirekodi ukisoma hadithi yako, taratibu, bila kuigiza sauti nzito ya zimwi, soma kama unavyoongea. Mpe asikilize gizani au akiwa amefumba macho, usikae naye chumba kimoja maana atakuangalia usoni.

Akimaliza usimuulize kama amependa. Subiri aulize yeye.

Akiuliza kuhusu zimwi tu na mtoto hamkumbuki, hatua ya 7 imelegea, kaikaze. Akiuliza kuhusu mtoto tu, hatua ya 3 na ya 5 hazijafanya kazi. Wa kwangu alikaa kimya kidogo, akauliza kwanza kama yule mtoto alikuja kuimba tena. Halafu, alipokuwa anavaa viatu aondoke, akaniuliza: "Na yeye alilala wapi usiku ule?"

Mwanzoni alikuwa amesema liliondoka, likalala, likanywa pombe. Sikumsahihisha wala sikumwonyesha. Nilichukua daftari nikaandika a-.